Fundi Taratibu, Aliyewafundisha Wazee Kusikia Friji

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, fundi wetu wa vifaa vya kusikia atafunga droo yake kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia kliniki hii kwa miaka thelathini na mitatu, miezi minne na siku sita. Hizo siku sita ameziongeza mwenyewe kwa kalamu kwenye fomu ya kustaafu. Anasema nazo alizifanyia kazi kama nyingine.

Nimeombwa kuandika wasifu huu kwa sababu meza yangu ya mapokezi iko hatua kumi na moja kutoka mlango wa chumba chake, na kwa sababu, kwa maneno ya mganga mkuu, mimi ndiye mtu pekee katika jengo zima asiyejua kunyamaza. Namshukuru kwa imani hiyo.

Jina lake la kwenye kitambulisho wote tunalijua, ila hakuna anayelitumia. Wazee wanamwita Fundi Taratibu, na siku hizi hata barua kutoka makao makuu zinakuja kwa jina hilo.

Alifika hapa akiwa fundi redio. Mashine yetu ya kupimia usikivu ilikuwa imeharibika na kuanza kunasa matangazo, na wagonjwa walipoulizwa wanasikia nini masikioni, walijibu matokeo ya mpira. Fundi aliitengeneza kabla ya saa sita mchana. Kisha, badala ya kwenda zake, akakaa kuangalia inavyotumika. Alimuuliza daktari wa zamu maswali mengi kiasi kwamba daktari, ili apate kula, alimshauri akasomee kazi hiyo. Akaenda kweli. Baada ya mwaka mmoja na nusu alirudi na cheti, na bisibisi yake ileile.

Jina la Taratibu lilitokana na kosa. Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa tai na suruali iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Fundi alimvalisha vifaa viwili, akafungua sauti mpaka mwisho, akampa mkono, akamruhusu aende nyumbani. Kesho yake asubuhi mwalimu alirudi na vifaa vimefungwa ndani ya leso.

"Kijana, chukua vitu vyako," alisema. "Nilikuwa kiziwi, lakini nilikuwa na amani."

Alieleza kwamba tangu afike nyumbani kulikuwa na kiwanda kinanguruma jikoni. Kila akitembea, kulikuwa na mtu nyuma yake anachana karatasi. Na mkewe alikuwa amebadilishwa sauti.

Mwingine angebishana naye. Fundi alichukua mkoba wake, akamsindikiza mwalimu mpaka nyumbani, wakaketi jikoni, wakafunga mlango. Akapunguza sauti ya vifaa hadi ikabaki kidogo sana, kisha akaanza kumtambulisha kwa sauti mojamoja, kama vile mtu anavyotambulishwa kwa wakwe. "Hili ni friji, mwalimu. Litanguruma, halafu litanyamaza, halina ubaya na wewe. Lile ni bomba linavuja. Huyo anayechana karatasi ni suruali yako mwenyewe, mapaja yakisuguana. Na huyu ni mke wako."

Mwalimu alisikiliza kwa makini, kisha akauliza kama ile sauti ya mwisho inaweza kupunguzwa kidogo zaidi. Mkewe alikuwa amesimama palepale, na masikio yake yalikuwa mazima kabisa. Tuliambiwa kwamba chai ya siku hiyo haikuwa na sukari.

Tangu hapo Fundi hakumvalisha tena mtu vifaa na kumwachia dunia nzima kwa mkupuo. Siku ya kwanza nusu saa, chumba kimetulia, mtu mmoja wa kuzungumza naye. Siku ya pili saa moja. Sokoni na kwenye harusi, baada ya wiki kadhaa. "Sikio lako halina tatizo na friji," alikuwa akiwaambia. "Kichwa ndicho kimesahau jinsi ya kulipuuza. Taratibu, kitakumbuka." Na ndugu waliowaleta aliwafundisha wasipige kelele, bali wakae mbele ya mzee, wamtazame usoni na waseme polepole. Kuna mkwe mmoja alimwambia kwamba baada ya miaka tisa ndiyo kwanza anamtazama mama mkwe usoni, na anaomba muda wa kuzoea.

Kila mgonjwa alipewa daftari la kuandikia sauti alizozipata upya. Mengine ameyahifadhi kwa ruhusa ya wenyewe, na ndiyo maktaba tunayoisoma zaidi hapa wakati umeme umekatika. Bwana mmoja aliandika: "Jumatatu. Nimesikia magoti yangu. Afadhali nisingesikia." Bibi mmoja aliandika: "Kumbe mume wangu huimba bafuni. Kumbe hajui kuimba." Na mzee mmoja, dereva wa lori zamani, alijaza ukurasa mzima kuhusu mlio wa kiashiria cha kukata kona. Aliandika kwamba aliamini magari ya siku hizi hayanao.

Sitaficha kwamba kulikuwa na ajali. Yupo mzee aliyetia kidonge cha presha kwenye kifaa na kuweka betri ulimini, na kama mkewe asingewahi kumbana taya, leo tungekuwa tunasimulia mengine. Fundi alienda nyumba kwa nyumba wiki ile nzima, na tangu siku hiyo hakuna mgonjwa wetu anayeweka betri na dawa chumba kimoja. Yupo pia mama aliyevaa cha kushoto kulia na cha kulia kushoto kwa mwezi mzima. Vilining'inia kama hereni, na majirani walimsifia.

Lakini mtu ambaye wasifu huu haukamiliki bila yeye ni mkunga mstaafu, mama wa miaka sabini na tano wakati huo, aliyeletwa na binti yake akiwa amenuna. Alikaribishwa kiti, akasema sitaki. Akapewa maji, sitaki. Fundi akamwamkia shikamoo, akajibu sitaki. Jina la Bibi Sitaki nilimpa mimi, na nimeshamwomba radhi.

Fundi hakumlazimisha. Alimwambia anaruhusiwa kuja kukaa tu. Basi akawa anakuja kila mwezi, eti anamsindikiza jirani yake. Siku moja, chumba kikiwa hakina mtu mwingine, akaeleza anavyoishi. Watu wakisema jambo ambalo halisikii, anatikisa kichwa kama anayekubali na kutabasamu. Alikuwa ametikisa kichwa kwa miaka sita. Kwa kutikisa huko nyumba yake ilipakwa rangi ya chungwa, ndani na nje, na yeye akachaguliwa bila kupingwa kuwa mwenyekiti wa kamati ya mpira wa mtaa.

"Mpira wenyewe siujui," alisema. "Lakini nikiuliza, watajua."

Mwezi wa kumi na nne wa kuja kwake alinyoosha kiganja. "Haya, lete hicho kidude." Ukurasa wa kwanza wa daftari lake una sentensi mbili tu. "Mjukuu wangu ana kigugumizi kidogo. Sikujua." Fundi aliusoma, akatoka nje kwa muda, akasema anakwenda kuangalia kama geti limefungwa. Geti letu halina mlango.

Bibi Sitaki akawa mwanafunzi wa mbele wa Darasa la Alhamisi, lile ambalo Fundi alilianzisha ili wazee wajizoeze kusikilizana katikati ya makelele. Mmoja anasoma gazeti, wawili wanagonga vikombe, wengine wanajaribu kushika habari. Wakati mwingine walikuwa wanagonga vikombe wote na hakuna anayesoma, nikaambiwa hayo ni mazoezi ya juu.

Sasa nafika mahali ambapo Fundi mwenyewe amenipa ruhusa ya kuandika, baada ya kufikiria siku mbili.

Miaka minne hivi iliyopita tulianza kuona mambo. Redio ya chumbani kwake ilianza kusikika hadi kituo cha mafuta. Ukimwita hageuki. Ukimsemesha anasema vijana wa siku hizi mnakula maneno. Mimi nina miaka arobaini na tisa, lakini nilifurahi kuitwa kijana, nikanyamaza.

Kisha akaja mkaguzi kutoka makao makuu, bila taarifa. Nilimpigia Fundi simu ya ndani nikamnong'oneza: "Mkaguzi yuko mlangoni."

Akasikia mbuzi.

"Mfukuze!" akafoka kwa sauti iliyovuka korido. "Mfukuze haraka, atakula mafaili!"

Mkaguzi alikuwa amesimama mbele yangu. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, na kwa bahati mbaya alikuwa na ndevu kidogo za kidevuni. Alizishika. Katika ripoti yake aliandika kwamba mapokezi ya kliniki yetu hayafanani na ya kwingine.

Tulicheka wiki nzima. Fundi hakucheka. Alijifungia chumbani akajipima mwenyewe, na alipoona majibu akaamua mashine imeharibika. Aliipeleka kwa matengenezo mara tatu mwaka ule. Mara tatu ilirudi na barua inayosema mashine ni nzima, na barua ya tatu iliongeza kwamba wanaomba tusiwapotezee muda.

Halafu ikatokea siku ambayo haikuwa na kicheko. Bibi Sitaki alikuja akamwambia, "Fundi, sikio hili lina jeraha." Alikuwa amegeuza uso akitafuta leso mkobani. Fundi alisikia kwamba sikio lina raha. Akatabasamu, akatikisa kichwa, akaandika kwenye faili, akamwambia aendelee hivyohivyo. Yule mama akaendelea hivyohivyo, kwa sababu aliyemwambia ni Fundi.

Baada ya wiki mbili alirudi sikio limevimba, jekundu, halishikiki. Kile kipande cha plastiki kinachokaa ndani ya sikio kilikuwa kinamkwaruza muda wote. Daktari alimsafisha na kumpa dawa. Kisha Bibi Sitaki akaingia chumba cha Fundi. Mimi nilikuwa mlangoni na mafaili mkononi, na sikusogea.

Fundi alifungua faili lake akasoma mwandiko wake mwenyewe: "Ana raha." Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Mwanangu," Bibi Sitaki alimwambia, safari hii akimtazama usoni na kusema polepole kama alivyofundishwa, "siku ile ulivyotikisa kichwa, nilikujua. Nilikitikisa hivyohivyo miaka sita."

"Ningeweza kukuharibia sikio, mama."

"Ungeweza. Sasa kaa pale."

Alikuwa anaonyesha kiti cha mgonjwa. Kwa miaka yote ile Fundi hakuwahi kukikalia. Alipokaa magoti yakafika kifuani, ndipo akagundua kwamba kiti ni kifupi, na akauliza kwa nini hakuna aliyemwambia. Bibi Sitaki akasema walimwambia mara nyingi.

Jioni ile alinipa barua niichape. Alikuwa anamwomba mganga mkuu amruhusu astaafu mapema, kwa sababu mtu asiyesikia hawezi kupima masikio ya wenzake. Barua ile ilipotea mezani kwangu kwa njia ambayo mpaka leo sijaweza kuieleza. Nilichoweza ni kumpigia Bibi Sitaki.

Alhamisi iliyofuata wazee kumi na mmoja waliingia chumbani kwa Fundi bila kubisha hodi, wakafunga mlango. Alijaribu kila kisingizio. Akasema tatizo lake ni dogo. Dereva wa lori akamjibu kwamba hata yeye alisema hivyo, na alikuwa hasikii honi ya gari lake mwenyewe. Akasema vifaa vitamzeesha. Wakamuuliza kama kumwita mkaguzi mbuzi ni ujana. Akasema ataanza mwezi ujao. Wakacheka, wote kumi na mmoja, kwa sababu kila mmoja wao aliwahi kumwambia yeye maneno hayo.

"Kwani unaogopa nini?" Bibi Sitaki akamuuliza.

Fundi akautazama mlango uliofungwa. "Naogopa wagonjwa wataniona sifai."

"Sisi ndio wagonjwa," alisema Bibi Sitaki. "Hebu tazama. Tumekuona."

Akakubali kupimwa. Kazi hiyo aliifanya dada atakayeshika nafasi yake, ambaye Fundi ndiye aliyemfundisha. Mgonjwa hukaa ndani ya kile chumba kidogo kisichopitisha sauti na kubonyeza kitufe kila anaposikia mlio. Fundi alibonyeza kwa usahihi wa ajabu, mpaka dada akagundua kwamba anautazama mkono wake ulio juu ya mashine kupitia kioo. Akaziba kioo kwa kalenda. Usahihi ukaisha palepale. Majibu yalionyesha kwamba sauti nyembamba zimemtoka, zile zinazobeba vipande vidogo vya maneno, na mtu akibaki na vipande vikubwa tu hujaza mwenyewe anachopenda.

Alivaa vifaa vyake Jumatatu. Kanuni ni nusu saa. Yeye alivivaa kutwa nzima, kwa sababu anaijua kazi, na saa kumi alikuwa amelala juu ya meza ameshika kichwa. Alikuwa amegundua kwamba kiti chake kinalia, kwamba viatu vya mganga mkuu vinapiga mluzi, na kwamba mimi nina funguo. Alinijia mapokezi, akanitazama nikinywa chai, akauliza kwa huzuni kweli kama nimekuwa nikinywa namna hiyo muda wote. Bibi Sitaki aliposikia habari zake alimpigia simu, akamwambia neno moja tu. Mnalijua.

Nyumbani hakusema kitu. Alikaa sebuleni na gazeti. Mkewe alikuwa jikoni anaongea na sufuria, kama alivyozoea: "Huyu akistaafu atanikalia hapo sebuleni kama kabati."

"Kabati la namna gani?" Fundi akauliza.

Mwiko ulianguka. Mkewe akaja, akamshika kichwa, akakigeuza huku na huku, akatazama nyuma ya masikio. "Baba, tangu lini?" Akakiri kwamba maneno ya kabati huyasema kila siku, na yapo mengine. Kisha akainama akamwambia jambo jingine kwa sauti ya chini kabisa, na hilo Fundi amekataa kutusimulia. Ila kesho yake alichelewa kazini, mara ya kwanza katika maisha yake, akaingia akiimba.

Baadaye alimtafuta mganga mkuu, akamweleza habari yote mwenyewe, pamoja na kosa la sikio la Bibi Sitaki, bila kupunguza. Akaweka utaratibu kwamba mgonjwa asitoke kabla fundi hajarudia kwa sauti alichoambiwa. Utaratibu huo tunautumia mpaka leo, na umeokoa mengi, ingawa kuna siku fundi alirudia "Umesema umeolewa na friji" na mgonjwa akasema, hapana, ameelewa friji.

Na kazi yake ikawa nzuri kuliko mwanzo. Mzee akileta ubishi, Fundi alivua kifaa chake mwenyewe akakiweka mezani, akasema, "Mimi nilibisha mwaka mzima, nikapeleka mashine kwa fundi mara tatu. Wewe umefika wapi?" Zamani karibu nusu ya vifaa tulivyotoa viliishia kabatini. Mwaka jana ni vinne tu vilivyorudi, na kimoja kati ya hivyo kilitafunwa na mbwa.

Alhamisi iliyopita lilikuwa darasa lake la mwisho. Walikuja wazee thelathini na wawili, wengine wamebebwa na wajukuu, na viti vikaisha. Fundi alikuwa ameandaa hotuba ya kurasa tatu. Hakufika ukurasa wa pili. Bibi Sitaki, ambaye ana miaka themanini na moja sasa na bado ni mwenyekiti wa kamati ya mpira, aliinuka akamkumbatia.

Wanaovaa vifaa wanajua kinachotokea hapo. Kifaa kikikaribiana sana na bega au shavu la mtu, kinapiga mluzi. Cha mama kikapiga, na cha Fundi kikajibu. Dereva wa lori akaja naye, chake kikalia upande mwingine. Kisha wakaja wote, hawakungoja foleni, thelathini na wawili wamemzunguka mtu mmoja, na chumba kizima kikapiga mluzi kama birika thelathini zimechemka kwa pamoja. Mganga mkuu alitoka mbio ofisini na ndoo ya mchanga akidhani ni king'ora cha moto. Alipofika mlangoni akaiweka chini, akasimama, na nilimwona akijifuta macho kwa mkono wenye mchanga, jambo ambalo simshauri mtu.

Hakuna aliyepunguza sauti ya kifaa chake. Fundi alikuwa katikati, haonekani ila mkono mmoja wenye karatasi za hotuba, na ule mkono haukuwa na haraka ya kutoka.

Fundi wetu, kwa niaba ya wafanyakazi wote, na kwa niaba ya wazee waliorudi mezani kwao wakasikia wanachoulizwa, asante. Umetutendea wema mwingi na umetuchekesha zaidi ya ulivyokusudia. Nenda ukapumzike. Tunakutakia afya, miaka mingi, na mazungumzo mazuri kila siku. Na siku utakayochoka na mazungumzo, una haki zote za kuvua viwili hivyo ukavitia mfukoni. Hatutamwambia mtu.